Ruzuku ya miaka mitatu kwa utafiti wa maharage: fedha za ushiriki wa wanawake ziende wapi hasa?

Mkunde

Habarini wanajukwaa,

Kuna andiko la ruzuku ya miaka mitatu linaandaliwa kwa ajili ya kituo cha utafiti wa maharage, Nyanda za Juu Kusini. Mfadhili ameweka sharti kwamba theluthi ya fedha zote ionekane wazi inaongeza ushiriki wa wanawake katika utafiti wenyewe. Rasimu ya sasa inapeleka sehemu kubwa ya theluthi hiyo kwenye shahada ya uzamivu nje ya nchi kwa watafiti wawili wa kike. Inayobaki inakwenda kwenye warsha za kujenga uwezo na siku ya wakulima kila mwaka.

Ninaomba ushauri kwa mambo matatu. Kwanza takwimu za utangulizi: katika maandiko mbalimbali zinatajwa 10%, 1% na 24%, wala haielezwi ni asilimia ya nini. Pili, je, kusomesha ndiyo njia yenye tija kuliko nyingine? Tatu, wakulima wanawake waingizwe vipi kwenye majaribio ili kauli yao iamue mbegu ipi iendelee na ipi iachwe?

KaraniWaHesabu

Hizo asilimia zikichanganywa, mhakiki anapoteza imani na andiko tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo tuzitenganishe.

10% ni ya Azimio la Maputo la mwaka 2003: serikali za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga angalau sehemu hiyo ya bajeti zao kwa kilimo. Malabo mwaka 2014 zikarudia ahadi hiyo. Humo mnahesabiwa ruzuku ya mbolea, skimu za umwagiliaji, mishahara ya maofisa ugani, vyote. Nchi inaweza kufika 10% huku kituo cha utafiti hakina dizeli ya kulimia shamba la majaribio.

1% ni jambo jingine: ni lengo la matumizi ya utafiti wa kilimo peke yake. Unachukua matumizi yote ya utafiti wa kilimo, unayagawa kwa pato la taifa linalotokana na kilimo. Kwa nchi za kusini mwa Sahara kwa jumla, uwiano huo ulikuwa takriban 0.4% mwaka 2014. Kwa namba za mfano: pato la kilimo likiwa shilingi trilioni 10 na utafiti ukatumia bilioni 40, hiyo ni 0.4%. Kufika 1% zingehitajika bilioni 100. Lakini msiutumie uwiano huu kupanga nchi kama msimamo wa ligi. Mauritius na Botswana zinavuka 1% kwa kiasi kikubwa kwa sababu kilimo chao ni kidogo, na taasisi ya utafiti hata iwe ndogo namna gani ina gharama zisizopungua. Ethiopia ina watafiti wengi kuliko nchi nyingi za Afrika, lakini uwiano wake ni mdogo kwa kuwa pato la kilimo unalogawia ni kubwa mno. Ulinganisho unaofaa ni nchi na yenyewe, mwaka hadi mwaka, baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

24% inatokana na tathmini ya AWARD (mpango wa kuwaendeleza wanawake watafiti wa kilimo Afrika) na ASTI (mpango wa takwimu za utafiti wa kilimo) iliyohusisha taasisi 125 katika nchi 15 za Afrika. Wanawake katika utafiti na elimu ya juu ya kilimo walikuwa 18% mwaka 2000/01, wakafika 24% mwaka 2007/08. Watu huishia hapo. Tathmini hiyohiyo ilikuta kwamba kwenye nafasi za uongozi wanawake walikuwa 14% tu. Ukiinukuu, andika na mwaka wake, kwa sababu ni namba ya zamani, na utaje kwamba wastani huo umefunika tofauti kubwa: Ethiopia ilikuwa 6%, wakati Afrika Kusini, Msumbiji na Botswana zilikuwa juu ya 30%.

Kwa kituo chenyewe, msihesabu vichwa. Hesabuni muda halisi wa utafiti. Tuseme kituo kina watafiti 40, wanawake 12. Kwenye karatasi hiyo ni 30%. Sita wako masomoni, wanne kati yao wanawake, nao wanawekewa mstari wao peke yao. Wamebaki 34, wanawake 8, sawa na 23.5%. Sasa angalia wiki zao za kazi. Kama wanaume 26 wanatumia 75% ya muda kwenye utafiti na wanawake 8 wanatumia 60% kwa kuwa wamepewa pia dawati la jinsia, kamati ya ustawi na kupokea wageni, unapata 19.5 na 4.8. Jumla ni 24.3, sehemu ya wanawake ni 20% tu. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia.

Ongezeni mstari mmoja ambao maandiko mengi hayana: katika kila shilingi 100 za majaribio, ngapi ziko chini ya saini ya mtafiti mwanamke?

MsimuMmoja

Huo mstari wa saini ndio ungekuwa kiashiria kikuu cha mradi mzima, na jibu la swali la pili linaanzia hapo.

Serikali zetu hulipa mishahara ya watafiti. Kinachoyumba ni fedha za uendeshaji: mafuta, vibarua, mbolea, mifuko ya mbegu, posho ya kulala wilayani. Pengo hilo kwa miaka mingi limezibwa na wafadhili na mikopo. Mfano ni ule mradi wa Benki ya Dunia wa Afrika Mashariki uliokwenda kuanzia 2009 hadi 2015, ambapo Tanzania ilipewa kituo cha umahiri cha mpunga, Kenya maziwa, Uganda muhogo na Ethiopia ngano. Mkopo ukiisha, maabara inabaki na mashine isiyo na vipuri na mtafiti anabaki na mshahara bila shamba.

Fedha zikipungua katikati ya mwaka, kituo hulinda kwanza majaribio ya wakuu wa programu, na ya vijana wa Daraja la II husogezwa "msimu ujao". Wanawake wengi wako kwenye madaraja hayo ya chini, kwa hiyo kisu kinaanzia kwao ingawa hakuna aliyekusudia kuwabagua. Asiyepanda hana data. Asiye na data hana makala, na bila makala hapandi daraja. Mkirudi baada ya miaka mitano mnamkuta palepale, na ripoti inasema wanawake "hawajitokezi" kuomba uongozi.

Na huku kwetu msimu hauna subira. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Maharage kwenye sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini hupandwa Februari hadi Machi ili yakomae mvua zinapokatika. Kwa jaribio la mwisho wa Februari, shamba lilimwe Januari, na kipimo cha uotaji kiwe kimefanyika Desemba ili mbegu dhaifu ibadilishwe mapema. Fedha zikitua katikati ya Machi, utapanda, lakini maua yatakuta udongo unakauka, vitumba vitapukutika, na utakachopima ni ukame badala ya mbegu.

Kwa hiyo ningeandika hivi: kiasi cha 40% ya ile theluthi kiwe mafungu madogo ya majaribio, moja kwa kila mtafiti mwanamke wa Daraja la II na la I, kwa miaka mitatu mfululizo, kila fungu na kifungu chake cha bajeti na yeye akiwa mwidhinishaji wa kwanza wa matumizi. Liwe dogo lakini lisikatike. Na mkataba utamke kwamba fedha za msimu zinatumwa kabla ya tarehe 15 Desemba. Warsha punguzeni bila huruma. Mtu hawi mtafiti kwa kukaa hotelini siku tano.

MleziWaWasomi

Naungana na MsimuMmoja kuhusu mafungu ya majaribio, ila tahadhari na kusukuma masomo pembeni. Ruzuku nyingi kubwa zinamtaka mtafiti mkuu awe na uzamivu. Mwanamke mwenye shahada ya pili na jaribio zuri ataendelea kuandikiwa jina la pili kwenye kazi yake mwenyewe. Kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kusomesha.

Miaka minne mfululizo nje ya nchi ndiyo inayowakwamisha wengi, hasa wenye watoto wadogo. Kuna mpangilio uliothibitika kufaa: kituo cha ACCI kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, tangu 2002 na WACCI kule Legon, Ghana, tangu 2007 huwafundisha wagunduzi wa mbegu madarasani kwanza, kisha utafiti wa shambani unafanyika kwenye taasisi ya nyumbani kwa mwanafunzi, juu ya zao la kwao. Faida ni mbili. Mtafiti halazimiki kuiacha familia muda wote, na mistari ya mbegu anayoichambua (yaani mbegu mpya ambazo bado ziko kwenye majaribio) inabaki kwenye programu ya taifa. Somesheni mmoja kwa mpango huo badala ya wawili nje moja kwa moja. Fedha inayookolewa inalipia shamba lake. Mkumbuke tu kwamba ruzuku ya miaka mitatu haifiki mwisho wa uzamivu. Tafuteni mapema nani atalipia mwaka wa nne na wa tano, na mliandike, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi huachwa na data nusu.

Mambo ya uzazi yaandikwe kwenye mkataba kwa maneno kamili. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, na siku 100 kwa mapacha. Uganda ni siku 60 za kazi, Kenya miezi mitatu. Siku 84 ni kama wiki 12, na maharage toka kupanda hadi kuvuna ni wiki 12 hadi 14. Maana yake, mtoto akizaliwa Machi, msimu mzima wa data umekwenda, na kwenye eneo la msimu mmoja hasara ni mwaka. Dawa yake ni fungu la fundi sanifu wa muda anayefuata jaribio kwa ratiba iliyoandikwa na mtafiti, na kifungu kinachosema ruzuku inasogea mbele miezi 12 bila kuombwa upya. Pasipokuwa na kifungu hicho, mwisho wa mwaka fedha itahesabiwa "haikutumika" na itarudishwa.

Msaidizi wa mtoto safarini ni hivyohivyo. Mama anayenyonyesha akitakiwa kulala siku nne wilayani, nauli na malazi ya msaidizi vitajwe kama kifungu cha matumizi. Mhasibu hakatai kwa roho mbaya: asipokuwa na kifungu, mkaguzi atamdai yeye.

Ukomo wa umri pia uondoeni. "Mtafiti chipukizi" apimwe kwa miaka tangu alipohitimu, na kila mtoto aongeze muda. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto, kwa hiyo hakuna mfadhili atakayeshangaa. Na kwa ulezi wa kitaaluma, igeni muundo wa AWARD ya Nairobi: mtafiti anapewa mlezi aliyemtangulia, na yeye mwenyewe analea msichana aliye nyuma yake. Ulezi usio na ratiba hufa ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo wekeni siku moja kwa mwezi na lengo la maandishi.

JunguKuu

Nichukue swali la tatu.

Kinachowafanya wanawake wapuuzwe kwenye uteuzi wa mbegu mara nyingi ni daftari. Daftari la jaribio lina safu za siku za kuchanua, magonjwa, idadi ya vitumba, kilo kwa hekta. Muda wa kuiva jikoni hauna safu, au unapimwa mbegu ikiwa imekwisha kuidhinishwa. Anayekata kuni na kukaa jikoni hawezi kushinda mjadala kwa namba ambayo haikukusanywa.

Kipimo chenyewe si ghali. Kifaa cha Mattson ni kishikizo chenye matundu 25 na pini 25. Loweka mbegu saa 12 kwenye maji yaliyochujwa madini, chagua 25 zilizovimba, weka moja kila tundu, pini ikae juu yake, tumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mbegu ikilainika pini inazama. Andika dakika ambapo pini ya 20 imezama, yaani 80%. Rudia mara tatu kwa kila mstari, na usisahau mbegu ya kienyeji ya kulinganishia kwenye kila siku ya kupima.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni haya. Watu hulinganisha mbegu ya mwaka jana na ya mwaka huu: maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, kwa hiyo utakuwa umepima ghala. Mbegu zisizovimba baada ya kulowekwa hutupwa kimyakimya, ilhali wingi wake ni sifa ya mstari huo na inabidi uandikwe: ngapi kati ya 100. Halafu mwinuko. Maji ya Uyole yanachemka kwa joto la chini kuliko ya Morogoro, kwa hiyo dakika za vituo viwili hazijumlishwi, mnalinganisha tofauti na mbegu ya kienyeji pekee. Na pimeni mara mbili, mwezi mmoja baada ya kuvuna na tena baada ya miezi mitano, kwa sababu ipo mistari inayoiva upesi ikiwa mpya na kuwa mawe baadaye.

Ile kauli ya wanawake "kuamua" iandikwe kama kanuni ya uteuzi, kabla ya msimu: mstari wowote unaochelewa kuiva kuliko mbegu ya kienyeji kwa zaidi ya kiwango fulani, hauendi kwenye majaribio ya kitaifa chini ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania), hata uwe na mavuno makubwa. Kiwango hicho kipangwe na wapishi pamoja na mgunduzi wa mbegu, kwenye meza moja. Makerere wana kozi ya GREAT inayochukua timu ya mwanasayansi wa mbegu na wa jamii kwa pamoja. Kumpeleka mmoja peke yake hakusaidii, kwani anarudi hana wa kuzungumza naye.

Mashambani tumieni utaratibu wa mbegu tatutatu. Kila mkulima anapewa aina tatu tu kati ya zote, zimeandikwa A, B na C bila majina, na kwa kila sifa anajibu maswali mawili: ipi bora, ipi mbaya. Programu ya ClimMob inagawa mafungu na kuchambua majibu. Asiyejua kusoma anajibu vizuri kabisa, na eneo linalohitajika ni dogo, jambo linalowafaa wanawake ambao vipande vyao ni vidogo.

Mkunde

Asanteni sana, hii imebadilisha rasimu nzima. JunguKuu, kwa aina 8 na wakulima 120, mbegu kiasi gani? Na hofu nyingine: mfuko ukifika kaya, mara nyingi anayeupokea na kujibu simu ni mume. Hapo tutakuwa tumepata maoni ya nani?

JunguKuu

Hesabu: kila aina kwa kila mkulima ipandwe mistari 4 ya mita 5, nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo. Hizo ni mbegu 200. Ongeza 10% ya kuziba mapengo, zinakuwa 220. Kama mbegu 100 zina gramu 40, mfuko mmoja ni gramu 88 na mkulima anabeba gramu 264. Eneo ni mita za mraba 10 kwa kila aina, 30 kwa zote tatu. Wakulima 120 kwa mifuko mitatu ni mifuko 360. Kwa aina 8, kila aina inatokea mara 45, sawa na kilo 3.96. Jumla ni kilo 31.7. Zalisheni kilo 5 kwa kila aina msimu uliotangulia, kwa sababu kuna zitakazoshindwa kipimo cha uotaji.

Kuhusu mume: mshiriki asajiliwe kwa jina lake na simu yake, kabla mbegu hazijafungwa, kwenye mkutano ambao yeye mwenyewe amefika. Asiye na simu apangiwe siku ya kutembelewa na mdadisi mwanamke, baada ya saa za shamba, si asubuhi. Kwenye fomu ulizeni nani alipanda, nani alipalilia, nani alipiga na kupepeta, nani alipika. Majibu ya sifa za jikoni kutoka kwa asiyepika yasihesabiwe. Msimfiche mume, lakini. Mwelezeni mwanzoni kwamba sehemu za mita 10 ni za utafiti na mavuno ni ya kaya. Bila hivyo mbegu inayopendeza itaingia shamba kubwa katikati ya msimu.

Kosa jingine: maswali yote huulizwa siku ya kuvuna, kabla hakuna aliyepika. Gaweni mara tatu: wakati wa kuchanua, siku ya kuvuna, na wiki tatu baadaye mbegu zikishapikwa. Mpeni mshiriki mifuko mitatu ya kitambaa yenye A, B, C iliyoshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Lebo ya karatasi hufutika kwenye uanikaji na mbegu huchanganyika, na hapo umepoteza kaya hiyo yote.

MsimuMmoja

Nyongeza kwa ratiba. Mkivuna Juni, majibu ya jikoni yanakamilika Julai mwishoni. Kikao cha uteuzi kiwekeni Agosti, kwa sababu kipimo cha pili cha kuiva kitakuja Novemba na kitaondoa mistari mingine kabla hamjapima uotaji Desemba. Mkikiweka Januari, kama ilivyo desturi ya vituo vingi, mbegu za msimu zitakuwa zimekwishafungwa kwa kufuata kilo kwa hekta peke yake.

Mkunde

Nimeelewa. Tarehe hizo ninaziingiza kwenye jedwali la kazi, na sharti la 15 Desemba ninaliweka kwenye rasimu ya mkataba. KaraniWaHesabu, ule mstari wa saini uripotiwe kwa mwaka au kwa robo?

KaraniWaHesabu

Kwa robo, dada, na utenganishe zilizoidhinishwa na zilizotoka. Mtafiti anaweza kuonekana ana saini ya milioni 20 kwenye bajeti huku zilizomfikia kufikia Februari ni milioni 3. Safu zote mbili zikae pamoja kwenye ukurasa uleule, na tarehe ya kila malipo pembeni.